Mnoko na Mstari Wake

Baba yangu aliitwa mnoko. Walioanza kumwita hivyo ni mabaharia vijana wa Sahare, wakafuata wachuuzi wa nazi, kisha jina likapanda mpaka mtaani kwetu Raskazone, na sisi wanawe tukawa watoto wa mnoko. Hakulikasirikia. Alikuwa nahodha wa mashua ya abiria na mizigo kati ya Tanga na Pemba, na mbali na dua, silaha yake mbele ya bahari ilikuwa kanuni chache ambazo sikuwahi kumwona akimlegezea mtu. Naandika habari zake leo kwa sababu nimeishi vya kutosha kuwaona wanoko wa aina nyingine, na sitaki wachanganywe naye.

Tulikaa katika vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba kubwa ya serikali. Mama alikuwa mhudumu wa wodi, na vyumba vile tulivipata kwa ajili ya kazi yake. Raskazone ni rasi inayoingia baharini mashariki ya mji. Mbele yetu ilipita barabara ya hospitali yenye miti mikubwa ya zamani, nyuma kulikuwa na mteremko wa mawe ya matumbawe, na ng'ambo ya maji tulikiona kisiwa cha Toten. Mashua yenyewe ililala Sahare, ambako watu na mizigo ya Pemba huondokea, na baba alikwenda huko kwa baiskeli kabla ya alfajiri.

Kwenye mbavu za mashua, kushoto na kulia, alikuwa amepaka mstari mweupe wa rangi ya mafuta. Hakuna ofisi iliyompimia. Aliupiga mashua ikiwa na mzigo ambao alishavuka nao siku za kusi kali, akautazama pale maji yalipofika, akaweka alama. Chini ya mstari alikuwa na hakika. Juu yake hakuwa nayo. Maji yakiugusa, hapandi mtu wala haingii gunia. Kutoka Tanga hadi Pemba ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50 katika mkondo wenye kina kirefu, na ukishaiacha Tanga hakuna kisiwa cha kukimbilia upepo ukigeuka katikati ya safari. Mabaharia wengi walilijua hilo kama yeye. Tofauti yake na wao ni kwamba yeye hakulisahau wakati nauli zilipokuwa zinahesabiwa.

Mkesha wa Idd moja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, shangazi yangu alifika Sahare akiwa na kikapu cha visheti na doti ya kanga ya kumpelekea bibi, mama yao. Alichelewa, gari lililomleta kutoka Muheza liliharibika njiani. Mashua ilikuwa imejaa na maji yameshafika mstarini. Baba aliwauliza abiria kama yupo wa kumpisha dada yake. Hakuinuka mtu, na sikuwalaumu, maana kila mmoja alikuwa na mama yake ng'ambo. Shangazi aliingia majini hadi magotini, akashika ukingo wa mashua.

"Kaka, mie ni mtu mmoja. Kikapu nitakiacha."

"Dada, kila niliyemrudisha leo alikuwa mtu mmoja."

Baba akashuka, akamshika mkono, akamtoa hadi mchangani, akampa nauli ya kurudi mjini, kisha akaamuru tanga lipandishwe. Mimi nilibeba kikapu. Njia nzima hadi Raskazone shangazi hakusema neno.

Bahari usiku ule ilikuwa shwari. Mashua ilifika salama, na yeyote aliyeijua kazi ile angesema kwamba mwanamke mmoja na visheti vyake asingeizamisha. Bibi alifariki wiki chache baadaye, kabla shangazi hajapata nauli nyingine. Baba alikuwa amemwona ile Idd, akamshika mkono, akapokea dua yake. Kwa muda mrefu shangazi akija kwetu alikaa na mama, akala, akatuuliza habari za shule, na baba akiingia yeye alitoka. Alipolazimika kumwambia jambo lilikuwa moja tu: "Wewe ulimwona."

Nimekieleza kisa hiki kirefu kwa sababu ndicho kinachonizuia kumsifu baba kwa urahisi. Wanaosimulia habari za watu wa kanuni hupenda mwisho ambao dhoruba inakuja, waliobishana na nahodha wanazama, na yeye anaonekana alikuwa sahihi. Kwetu dhoruba haikuja. Kanuni ilitoza bei, bei ikalipwa na mtu asiye na kosa, na hakuna kilichotokea cha kumwonyesha shangazi kwamba alilipia kitu. Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya kulinda. Ajali isiyotokea haina shahidi. Nahodha anayejaza kupita kiasi na kufika salama mara nyingi anapata sifa ya ushujaa na huruma. Anayekataa anabaki na lawama za watu wazima na kimya cha dada yake.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, tulikaa uani tukisikiliza redio. Meli ilikuwa ya abiria 430, na waliokufa walikuwa mamia. Watu mtaani waliuliza kuhusu nahodha, injini, mawimbi. Baba aliuliza swali moja: "Nani alikuwa mlangoni?" Alitaka kujua ni nani aliyekuwa amesimama pale watu wanapopandia, mwenye wajibu wa kusema basi. Hakuishi kuisikia habari ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ile iliruhusiwa kubeba watu wasiofika 700, na tume iliyochunguza ikaona kwamba walikuwamo zaidi ya 2,000. Januari 2017 msiba ukaja kwetu: chombo kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama karibu na kisiwa cha Jambe, wakafa watu wasiopungua 12. Mwaka uliofuata, Septemba 2018, ikawa MV Nyerere huko Ukara. Kivuko cha watu 101, waliokufa 228. Katika kila msiba kanuni ilikuwepo, imeandikwa, ina muhuri. Na katika kila msiba najua, kama nilivyokuwa namjua shangazi, kwamba wengi wa waliozidi walipanda kwa kusema wao ni mtu mmoja tu.

Mstari wa aina ile una historia, na baba angefurahi kuijua. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na wenye meli waliozipakia hadi ukingoni, wakazikatia bima, zikazama na mabaharia wao. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipigania sheria ya kila meli kuchorwa mstari wa mzigo. Mwaka 1875 muswada ulipowekwa kando alipandwa na hasira bungeni hata akawaita wenzake waovu. Sheria ikapita mwaka 1876. Lakini ilikuwa na tundu kubwa: mwenye meli alitakiwa kuchora mstari, ila mahali pa kuuchora alichagua mwenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka sheria nyingine ikaupangia mahali. Miaka hiyo yote meli zilikuwa na mstari, kanuni ilikuwa imetimizwa kwa rangi, na baharia alikuwa hatarini kama zamani.

Hapo naanza kumtofautisha mnoko na mnoko. Kuna anayeshika kanuni kwa sababu anajua imewekwa kumlinda nani. Kuna anayeishika kwa sababu inampa mamlaka juu ya mtu aliyesimama mbele yake.

Raskazone yenyewe imebeba kisa kikubwa cha mambo haya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, jeshi la majini la Uingereza lilifanya maafikiano na wakuu wa Kijerumani kwamba Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe. Serikali ya London haikuyaridhia. Tarehe 2 Novemba 1914, zikiwa nyuma yake meli zilizojaa askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, nahodha Caulfeild wa manowari HMS Fox aliingia Tanga peke yake kumwarifu mkuu wa wilaya, Auracher, kwamba maafikiano yamekwisha, akampa saa moja asalimishe mji. Auracher alisema hana budi kuwauliza wakubwa wake. Aliondoka, akapeleka habari kwa mkuu wa jeshi la Kijerumani, Lettow-Vorbeck, akavaa sare yake ya kijeshi, na hakurudi kusalimisha kitu. Usiku ule askari walianza kushushwa kwenye ufuko wa Raskazone. Wakati huohuo treni zilikuwa zinaleta askari wa Kijerumani kutoka Moshi. Hadi shambulio kubwa la tarehe 4 Novemba, jeshi dogo la Lettow-Vorbeck, watu kama elfu moja tu, lilikuwa limejipanga. Waingereza walishindwa vibaya. Tarehe 5 walirudi melini wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa na kutojulikana walipo.

Walioandika historia ya vita hivyo wengi wanamlaumu Caulfeild kwa ile saa moja. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Neno lilikuwa limetolewa, hata kama wakubwa wake hawakulitia sahihi, na kumwarifu mwenzako kwamba neno limekwisha ni haki hata vitani. Aliyeipata saa ile hakuwa Auracher peke yake. Ndani ya mji kulikuwa na wanawake, watoto na wagonjwa ambao vita havikuwa vyao. Kosa lilikuwa kwingine: Jenerali Aitken, mkuu wa jeshi la Waingereza, alipeleka watu kwenye vichaka na mashamba ambayo hakuwa ameyapeleleza, akidharau askari weusi waliokuwa upande wa pili. Kanuni ya Caulfeild ilikuwa na mtu ndani yake. Iliwagharimu Waingereza, nami naamini ilistahili kulipiwa, kama ambavyo mstari wa baba ulistahili kulipiwa, ingawa naijua sura ya aliyelipa.

Kisha kuna kisa cha pili cha vita hivyohivyo. Waandishi wake husimulia kwamba jeshi lile lililoshindwa lilipofika Mombasa, ofisa wa forodha alikataa lishuke mpaka vilivyomo melini vilipiwe ushuru wa asilimia 5. Ushuru ule uliwekwa kwa bidhaa za wafanyabiashara, ili nchi ipate mapato. Mbele ya meli yenye majeruhi kanuni ile haikuwa inamlinda yeyote. Ilibaki karatasi, na mtu mwenye raha ya kuishika.

Ofisa wa namna hiyo nilikutana naye mwenyewe, miaka mingi baada ya baba kufariki, nilipokuwa namfuatilia mama mafao yake. Jina lake la kati kwenye barua ya ajira lilikuwa na herufi moja pungufu kuliko kwenye cheti cha kuzaliwa, kosa la karani fulani wa zamani. Ofisi ilisema faili haliendi mpaka apatikane kiapo kutoka kwa wakili. Ni haki, mtu asichukue mafao ya mwingine. Tukaleta kiapo. Tukaambiwa kiapo hakitoshi bila barua ya mwajiri. Tukaleta barua. Tukaambiwa barua haina picha iliyogongwa muhuri. Kila tulipotimiza moja likazaliwa jingine, na mama, ambaye magoti yalikuwa yameshaanza kumsumbua, alikuwa anapanda ngazi zile kwa kushika ukuta. Karani hakutoa lugha chafu. Hakuomba rushwa, angalau si kwa mdomo. "Bibi, utaratibu ndio huo," alikuwa anasema, na macho hayako kwetu. Asubuhi moja, tukiwa kwenye benchi, aliingia bwana mmoja aliyevaa vizuri, akaamkiwa kwa jina, akaketi ndani, akatoka na karatasi yake. Utaratibu ulikuwa umelala siku ile.

Mama ndiye aliyeliona kabla yangu. Tukishuka ngazi aliniambia, "Huyu si mnoko. Baba yako alimrudisha dadaake."

Maneno hayo yamenitosha kuwa kipimo mpaka leo. Baba aliwahi kuyakataa magunia ya mkubwa mmoja wa mjini, mkubwa yule akahamishia mzigo wake wote kwa mashua nyingine, na sisi nyumbani tukaisikia hasara msimu mzima kwenye chungu. Kabla ya hapo alikuwa ameshamkataa ndugu yake wa tumbo moja. Baada ya hayo mawili, mchukuzi wa Sahare aliyeambiwa mashua imejaa hakuwa na la kujiuliza. Alijua asingekuwa yeye tu. Nchi yetu iliwahi kuijaribu njia hiyo: Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko, wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na hisa katika kampuni, wasipangishe nyumba. Watu walikubali mengi magumu walipoona mkazo umeanzia juu. Miiko ilipolegezwa katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991, sisi wa chini tuliendelea kuambiwa tufuate utaratibu.

Faili la mama lilikuja kuangukia mikononi mwa dada mmoja aliyehamishiwa ofisi ile. Alimwamkia mama, akasoma kila karatasi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na akakataa kulipitisha. Nilivunjika moyo. Lakini akachukua karatasi safi, akaandika yote yanayopungua, kila moja na ofisi inakopatikana, akagonga muhuri, akaweka sahihi na tarehe. "Mama, hivi vikitimia sina sababu ya kukurudisha. Na ukimkuta mwenzangu badala yangu, mwonyeshe karatasi hii." Vilipotimia, hakuturudisha. Mama alimpelekea machungwa ya Muheza. Akakataa kwa adabu, akasema nayo ni kanuni. Alikuwa mkali kuliko yule wa kwanza, kwa kweli. Alichotufanyia ni kuuchora mstari mahali pamoja, kwenye ubavu, kila mtu auone.

Tangu hapo nimeamini kwamba siri ndiyo inayomlisha mnoko mbaya. Mwenzetu wa Tanga, Shaaban Robert, ambaye mwenyewe alitumikia serikali ya kikoloni kama karani wa forodha, katika kitabu chake *Kusadikika* alimsimamisha kizimbani mtu aitwaye Karama. Kosa la Karama ni kuwafundisha watu sheria. Nilikisoma shuleni nikadhani ni hadithi ya nchi ya mbali. Baada ya ngazi zile nilielewa kwa nini watawala wa nchi ile waliona mafundisho hayo ni hatari: mtu anayejua masharti yote hawezi kupewa sharti jipya kila asubuhi.

Shangazi hakuwahi kutamka msamaha. Ila mwanawe aliponunua mashua, ni yeye aliyemleta Raskazone, akakaa na mama uani kama kawaida yake, akamtuma kijana kwa baba akaonyeshwe pa kupiga mstari. Baba aliondoka naye kwa baiskeli, mkebe wa rangi ukining'inia kwenye usukani. Binamu yangu bado anavuka na mashua ile, na mstari hupakwa upya kila chombo kikipandishwa ufukoni.

Ofisi nyingi za umma siku hizi zina mkataba wa huduma kwa mteja. Wewe unayesoma, ukienda kudai haki yako uombe kuuona, na uombe masharti yote siku ya kwanza, kwa maandishi, yakiwa na muhuri. Ukikuta umepewa moja tu, usiondoke dirishani. Nawe uliye upande wa pili wa dirisha, yabandike ukutani, kisha anza nayo kwa ndugu yako na kwa bosi wako. Na ukiwa Sahare, Kipumbwi au Kigombe mkesha wa sikukuu, nahodha akikwambia mashua imejaa, shuka. Mwombe Mungu akuwekee mama yako hai mpaka safari ya kesho, lakini shuka.